Misalaba ya mawe iliyowaongoza wasafiri wa kale Uingereza

KATIKA nyika ya Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, ukungu huweza kushuka ghafla hata mchana wa kiangazi, ukamzuia msafiri kuona hatua kumi mbele yake. Miti ya kumwonyesha mwelekeo ni michache mno, na ardhi iliyo kando ya njia aghalabu ni kinamasi ambacho mgeni hukigundua akiwa tayari amezama magotini. Ni katika mazingira hayo ambapo watu wa Zama za Kati walisimamisha misalaba ya mawe, mmoja baada ya mwingine, ili anayevuka nyika ajue kwamba bado yumo njiani.

Misalaba hiyo haikuwa ndani ya makanisa wala makaburini. Ilisimama wazi, katika njia panda, kwenye vivuko vya mito, juu ya vilima na penye mipaka ya mashamba ya watawa na ya wafalme. Dartmoor pekee ina zaidi ya misalaba 130 iliyosalia, mingine mizima na mingine vipande tu. Katika jimbo jirani la Cornwall idadi hupita 400, na huko mingi ni ya kale zaidi.

Wanahistoria huithamini kwa sababu kuu moja. Jiwe lililoachwa pale lilipowekwa ni ushahidi wa njia iliyopita hapo au wa ardhi iliyoishia hapo, hata kama hati zote zimepotea. Likihamishwa, hubaki kuwa jiwe zuri la kutazamwa, lakini ushahidi wake huwa umekwisha.

Jiwe la nyikani

Dartmoor ni nyanda ya juu yenye ukubwa wa takriban kilomita 954 mraba ndani ya mipaka ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka wa 1951. Kilele chake kirefu zaidi, High Willhays, kina urefu wa mita 621 kutoka usawa wa bahari. Chini ya nyasi na kinamasi kuna graniti, jiwe gumu lenye chembechembe zinazometameta, ambalo huchomoza vilimani kwa mafungu makubwa.

Mafundi wa Zama za Kati hawakuhitaji kuchimba machimbo ili kulipata. Walichagua jiwe refu lililokuwa limelala juu ya ardhi, wakalichonga kwa patasi na nyundo mpaka likawa na kichwa, mikono miwili mifupi na mwili wa kusimama. Kwa kawaida msalaba wote ulikuwa jiwe moja. Chini yake liliwekwa jiwe jingine pana lililotobolewa tundu la mraba, na mguu wa msalaba ukachomekwa humo.

Graniti haikubali nakshi nyembamba. Ndiyo maana misalaba mingi ya Dartmoor ni mitupu, haina picha wala maandishi, na mikono yake hutokeza kidogo tu kutoka mwilini. Ugumu huohuo ndio ulioifanya idumu. Mvua, baridi kali na upepo wa zaidi ya miaka 600 vimeifuta kingo zake, lakini havikuimaliza.

Mafundi wa Cornwall walipendelea mtindo tofauti. Huko vichwa vingi vya misalaba ni vya duara kama gurudumu, na katika baadhi yake matundu manne yametobolewa baina ya mikono ya msalaba na duara linaloizunguka. Mwili wa jiwe wakati mwingine hupambwa kwa michoro ya kamba zilizosokotana.

Karibu na kijiji cha St Cleer kuna vipande viwili vya msalaba wa namna hiyo vya karne ya 9. Kimoja kina maandishi ya Kilatini yanayoeleza kwamba mtu aitwaye Doniert aliuagiza kwa ajili ya roho yake. Wataalamu humhusisha na Dungarth, mfalme wa Cornwall aliyefariki kwa kuzama majini mnamo 875.

Njia za watawa

Msingi wa habari za misalaba ya Dartmoor ni nyumba tatu kubwa za watawa zilizokuwa kandokando ya nyika. Upande wa mashariki ilikuwako abasia ya Buckfast, iliyoanzishwa mwaka wa 1018 na kuingia mikononi mwa shirika la Wasistersia mnamo 1147. Upande wa magharibi ilikuwako Tavistock ya Wabenedikto, iliyoanzishwa katika karne ya 10. Ya tatu, Buckland, ilianzishwa mwaka wa 1278 na Amicia, mwanamke wa ukoo wa kikabaila wa Devon.

Kati ya Buckfast na Tavistock kuna zaidi ya kilomita 25 za nyika. Watawa hawakuwa watu wa kusali tu. Walimiliki mifugo, waliuza sufu, walikusanya kodi na kupelekeana barua. Aliyetumwa kutoka upande mmoja hadi mwingine alipaswa kupita mahali ambapo hapakuwa na kijiji cha kulala wala nyumba ya kuulizia njia.

Katika sehemu ya kusini ya Dartmoor, mstari wa misalaba ungali ukionyesha mapito hayo. Msafiri anayetoka mashariki hukutana na Horn's Cross, kisha hupita karibu na bonde la Fox Tor ambako mingine imesimama, na hatimaye hufika Nun's Cross, kusini mwa kijiji cha Princetown. Penye mwinuko, msalaba uliwekwa juu mahali ambapo umbo lake lingeonekana dhidi ya anga kutoka mbali.

Kwa msafiri wa wakati huo, alama hiyo ilikuwa na kazi mbili kwa pamoja. Ilimwambia kwamba hajapotea, na ilimkumbusha kusimama kidogo asali kabla ya kuendelea. Huko Cornwall, misalaba mingi ilipangwa kando ya vijia vilivyotoka mashambani kuelekea kanisa la parokia, vijia ambavyo watu walivitumia siku za ibada na walipobeba maiti kwenda kuzika.

Shahidi wa mpaka

Nun's Cross, ambao pia huitwa msalaba wa Siward, ndio mashuhuri zaidi miongoni mwa misalaba ya Dartmoor. Una urefu wa zaidi ya mita mbili, na umaarufu wake umetokana na kesi za ardhi kuliko ibada.

Mwaka wa 1239, Mfalme Henry III alimpa ndugu yake Richard, aliyekuwa mtawala wa Cornwall, eneo lililoitwa Msitu wa Dartmoor. Neno msitu hapa lisimpotoshe msomaji. Katika sheria ya Uingereza ya wakati huo lilimaanisha ardhi ambamo mfalme alijihifadhia haki ya kuwinda, iwe ina miti au haina. Kwa kuwa wamiliki wa mashamba yaliyopakana na eneo hilo walikuwa na haki zao, ilibidi ijulikane hasa ardhi ya Richard ilianzia wapi na kuishia wapi.

Mwaka uliofuata, 1240, makabaila 12 waliamriwa kuuzunguka mpaka na kuutaja alama kwa alama. Walitaja vilima, mito, makutano ya vijito na mawe. Msalaba wa Siward ni miongoni mwa alama walizozitaja. Hivyo basi, jiwe hilo lilikwisha kuwa kongwe na kujulikana na wote zaidi ya miaka 780 iliyopita.

Miongo minne baadaye lilitumika tena. Watawa wa Buckland walipopewa ardhi yao, mpaka wao ulifika hapohapo. Upande mmoja wa jiwe limechongwa jina Siward, na upande mwingine, unaoelekea ardhi ya watawa, limechongwa jina la Buckland kwa tahajia ya zamani. Jiwe moja likawa linasomeka na majirani wawili, kila mmoja akiwa upande wake.

Si watu wengi waliojua kusoma wakati huo, na ramani za mashamba zilikuwa adimu. Mpaka ulihifadhiwa vichwani mwa watu. Katika parokia nyingi za Uingereza ilikuwa desturi, siku chache kabla ya sikukuu ya Kupaa, wakazi kuuzunguka mpaka wao wakiongozwa na kasisi. Watoto walichukuliwa makusudi. Walipofika penye jiwe la mpaka, waligongwa juu yake au kuchapwa kidogo ili wasilisahau mahali hapo maishani mwao. Miaka 50 baadaye, ugomvi ukizuka, wazee hao wangesimama mbele ya hakimu na kuapa kwamba jiwe lilikuwa pale.

Msomaji wa Kenya hatashangazwa na umuhimu huo. Kesi ngapi za mashamba zimeanza na jiwe la mpaka lililong'olewa usiku na kuchimbiwa hatua chache ndani ya shamba la jirani?

Matumizi juu ya matumizi

Alama ikishakubaliwa na wengi, kila kizazi huipa kazi mpya. Mfano ni Bennett's Cross, ulio kando ya barabara kati ya Postbridge na Moretonhampstead. Msalaba huo ulikuwa alama ya njia na ya mpaka wa parokia. Baadaye wachimbaji wa bati waliutumia kuonyesha mwisho wa eneo lao. Kisha wafugaji wa sungura nao wakachonga juu yake herufi WB, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mipaka ya shamba la sungura. Herufi hizo zingali zinasomeka.

Mfano mwingine ni mahali paitwapo Childe's Tomb, kwenye bonde la Fox Tor. Hadithi ya wenyeji husema kwamba Childe alikuwa tajiri na mwindaji aliyepotea nyikani katika dhoruba ya theluji. Alimchinja farasi wake, akaingia ndani ya mzoga ili kujikinga na baridi, lakini akafa hivyohivyo. Kabla ya kukata roho aliandika wasia kwa damu kwamba watakaomzika ndio watakaorithi ardhi yake ya Plymstock.

Watawa wa Tavistock, hadithi inaendelea, waliposikia habari hizo waliuchukua mwili wake mbio. Watu wa Plymstock wakawavizia penye kivuko cha mto ili kuwapokonya. Watawa wakajenga daraja mahali pengine, wakavuka, wakamzika na kutwaa urithi.

Iwe ni kweli au ni ngano, kaburi lililo chini ya msalaba huo ni sanduku la mawe la Zama za Shaba, lililojengwa maelfu ya miaka kabla ya watawa wowote kufika Devon. Watu wa Zama za Kati walilikuta, wakalipa msalaba na hadithi mpya.

Kutoka njiani hadi langoni

Maisha ya misalaba hiyo yaliingia doa katika karne ya 16. Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba zote za watawa kati ya 1536 na 1540. Buckfast na Tavistock zilifungwa mwaka wa 1539. Watawa walipoondoka, njia zao zilipoteza watumiaji wakuu, na hapakubaki mtu mwenye wajibu wa kuinua msalaba ulioanguka.

Kisha ikaja chuki ya kidini. Wafuasi wa mageuzi makali ya Kiprotestanti waliiona misalaba ya hadharani kuwa sanamu za kuabudiwa. Mwaka wa 1643, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Uingereza liliamuru misalaba iliyo katika maeneo ya wazi ibomolewe. Mijini amri hiyo ilitekelezwa kwa nguvu. Huko nyikani, umbali uliisalimisha misalaba mingi, ingawa haikukosa kuvunjwa vichwa na mikono.

Hata hivyo, adui aliyeipunguza kwa muda mrefu zaidi alikuwa mkulima asiye na chuki yoyote. Nguzo ya graniti iliyokwisha kuchongwa ilikuwa mali. Ilifaa kuwa mhimili wa lango, daraja la kuvukia kijito, kizingiti cha mlango au nguzo ya ng'ombe kujikunia. Misalaba mingi iliyosalia Devon na Cornwall ina matundu ya bawaba za malango yaliyotobolewa wakati huo.

Mnamo 1812, mawe ya Childe's Tomb yalichukuliwa na wajenzi wa nyumba ya shambani iliyokuwa ikijengwa karibu. Katika kijiji cha Mylor, Cornwall, mafundi waliokuwa wakikarabati kanisa mwaka wa 1870 waligundua kwamba nguzo iliyokuwa ikiegemeza ukuta ilikuwa msalaba mkubwa wa kale. Una urefu wa zaidi ya mita tano, na hakuna unaoushinda katika Cornwall nzima. Nun's Cross wenyewe uliangushwa mnamo 1846, ukavunjika vipande viwili. Fundi aliuunganisha kwa vyuma, na kovu la kazi yake linaonekana hadi leo.

Wanaotafuta na wanaorudisha

Mwamko wa kuihifadhi ulianza katika karne ya 19. Chama cha kuhifadhi Dartmoor kiliundwa mwaka wa 1883, na kabla ya karne hiyo kwisha misalaba kadhaa ya bonde la Fox Tor, pamoja na Childe's Tomb, ilikuwa imesimamishwa upya. William Crossing, mwandishi aliyeizunguka nyika hiyo kwa miguu kwa miaka mingi, alichapisha mwaka wa 1902 kitabu kinachoeleza misalaba ya Dartmoor mmoja mmoja. Kwa upande wa Cornwall, Arthur Langdon alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu misalaba ya huko mwaka wa 1896.

Kazi yao ilikuwa ya kuuliza wazee, kupekua kuta za mazizi na kufuata majina ya mashamba. Mahali panapoitwa msalaba ambapo hapana msalaba ni dalili kwamba jiwe liliondolewa, na mara nyingi halikupelekwa mbali. Mwaka wa 1903 ofisa wa jeshi la majini aitwaye Goldsmith alikuta msalaba uliovunjika ukiwa umelala nyikani, akausimamisha. Leo unajulikana kwa jina lake.

Sheria nayo ilifuata. Uingereza ilipitisha sheria yake ya kwanza ya kulinda kumbukumbu za kale mwaka wa 1882. Inayotumika sasa ni ya 1979, na chini yake ni kosa la jinai kuharibu au kuhamisha bila kibali kumbukumbu iliyoorodheshwa. Misalaba mingi ya nyikani imo katika orodha hiyo.

Yaliyotokea Yorkshire

Kaskazini mwa nchi, katika nyika za North York Moors, misalaba ya njiani ingali sehemu ya desturi za watu. Msalaba wa Young Ralph, uliosimama penye makutano ya barabara karibu na Westerdale, ndio nembo ya hifadhi ya taifa ya eneo hilo tangu 1974. Kichwani una kishimo ambamo wasafiri wenye uwezo waliacha sarafu ili wenye shida wazichukue. Mwaka wa 1961 ulivunjika baada ya mtu kuukwea akizitafuta sarafu hizo.

Si mbali na hapo kuna jiwe fupi nene lililopakwa chokaa, liitwalo Fat Betty, lililo penye mpaka wa parokia. Wapitao huacha chakula kidogo juu yake na kuchukua kilichoachwa na aliyewatangulia.

Katika nyika hizohizo umesimama msalaba wa Lilla. Mapokeo huuhusisha na mtumishi wa Mfalme Edwin wa Northumbria, ambaye mwaka wa 626 alijitupa mbele ya upanga wa mwuaji na kufa badala ya bwana wake. Mwaka wa 1952 msalaba huo ulihamishwa kwa kuwa mahali pake palikuwa ndani ya eneo la mazoezi ya mizinga. Mwaka wa 1962 ulirudishwa palepale ulipokuwa. Waliofanya hivyo walitambua kwamba thamani ya jiwe haitengani na mahali pake.

Jiwe la Malindi

Kenya nayo ina msalaba wa jiwe ulioletwa kuwa alama. Ni ule ulio juu ya nguzo ya Vasco da Gama huko Malindi, kumbukumbu ya safari ya Mreno huyo ya 1498 hadi 1499. Msalaba wenyewe ni wa jiwe la chokaa kutoka Lisbon, na umechongwa nembo ya Ureno. Nguzo nyeupe inayoubeba ni ya mawe ya matumbawe ya pwani.

Inasemekana kwamba hapo mwanzo ulisimama karibu na kasri la Sultani, kisha ukahamishiwa kwenye rasi inayotazama Bahari Hindi. Mabaharia wa Kireno walibeba mawe ya aina hiyo melini na kuyasimamisha katika pwani za Afrika, kuanzia magharibi hadi mashariki, ili kila merikebu itakayofuata ijue nani alitangulia kufika.

Lugha ya jiwe la Malindi na ya Nun's Cross ni moja: hapa pana alama, na mwenye kupita azingatie. Waliolengwa ndio waliotofautiana. Jiwe la Malindi lilitangaza jina la mfalme aliye mbali kwa mabaharia wenzake. Lile la Dartmoor liliwasemesha wachungaji, watawa na majirani waliokuwa wakiligusa kila siku, na ambao kesho yake wangeitwa kutoa ushahidi juu yake.

Hadi leo Nun's Cross umesimama penye makutano ya vijia, ukiwa na vyuma vyake na maandishi yaliyofifia pande mbili. Watembeaji wanaovuka Dartmoor kwa ramani na vifaa vya setilaiti bado huutafuta kwa macho ukungu unapotanda.